Kikomo cha fremu, wati, Proton au kumbukumbu: kipi kianze kuguswa kwenye kifaa cha gemu cha Linux

Mtu anayepata kifaa cha mkononi cha gemu kinachotumia Linux, iwe Steam Deck, Legion Go S yenye SteamOS, au ROG Ally aliyoiwekea mfumo wa Linux uitwao Bazzite, hukutana mapema na ushauri wa aina mbili usiopatana. Upande mmoja wako wanaomwambia apunguze: aweke kikomo cha fremu, yaani picha zinazotolewa kila sekunde, ashushe wati ambazo chipu inaruhusiwa kutumia, apunguze pikseli. Upande wa pili wako wanaomwambia afungulie: aongeze kumbukumbu ya michoro hadi GB 4, apanue swapu (nafasi ya diski inayoisaidia RAM), abadilishe Proton (programu inayoendesha gemu za Windows), azime hiki na kuwasha kile kwa mstari wa amri. Makala haya yanazilinganisha njia hizo kwa ajili ya mtu anayecheza Mbeya, Iringa au Njombe, ambako umeme unaweza kukatika mchezo ukiwa umenoga, bando lina bei yake, na baridi ya Juni inaweza kumdanganya anayepima. Msimamo wangu ni kwamba njia za kupunguza hulipa karibu kila mara, ilhali njia za kufungulia hulipa pale tu ambapo kuna tatizo mahususi ulilokwisha kuliona kwenye grafu kwa macho yako.

Ili ulinganisho uwe na maana, ni vizuri kukumbuka kwamba gemu ya Windows haizungumzi na Linux moja kwa moja. Katikati yake kuna Proton, ambayo Valve, wenye Steam, waliitoa Agosti 2018 kwa kushirikiana na kampuni ya CodeWeavers, nayo imejengwa juu ya Wine, mradi wa kuendesha programu za Windows kwenye Linux uliopo tangu 1993. Ndani ya Proton, DXVK hugeuza maagizo ya michoro ya Windows, ya Direct3D 8 hadi 11, yawe ya Vulkan ambayo Linux inayaelewa, na VKD3D-Proton hufanya kazi hiyohiyo kwa Direct3D 12. Picha ikishachorwa hupitia Gamescope, programu inayosimamia kioo, ambayo ndiyo inayokuza picha na kushika kikomo cha fremu. Chini ya hayo yote kuna chipu moja yenye prosesa na kitengo cha michoro, viwili hivyo vikigawana wati zilezile na RAM ileile. Kila marekebisho hugusa mojawapo ya ngazi hizo, na marekebisho ya ngazi moja hayatibu ugonjwa wa ngazi nyingine: gemu inayoganda kwa sababu ya sheda (programu ndogo za kuchorea picha) haitapona kwa kuongezewa swapu, hata uiongeze mara kumi.

Kipimo kwanza

Wastani wa fremu kwa sekunde ndio unaotajwa zaidi, na ndio unaodanganya zaidi. Gemu ya fremu 60 inatakiwa kutoa fremu moja kila baada ya milisekunde 16.7. Ikitoa nyingi kwa haraka, kisha ikaganda robo ya sekunde, kisha ikatoa nyingine nyingi, wastani utabaki mzuri huku mchezaji akilalamika, na malalamiko yake yatakuwa ya haki. Kwa hiyo kitu cha kuangalia ni mstari wa muda wa fremu. Kwenye Steam Deck unabonyeza kitufe chenye nukta tatu, unaingia sehemu ya utendaji, unapandisha ngazi ya takwimu, na mstari huo unatokea juu ya kioo ukiwa sambamba na wati zinazotoka kwenye betri, joto la chipu na kiasi cha RAM kilichotumika. Programu inayofanya kazi hiyo inatokana na MangoHud, na kwenye mifumo mingine ya Linux unaweza kuiita kwa kuandika mangohud %command% kwenye mipangilio ya kuwashia gemu ndani ya Steam. MangoHud pia huweza kuandika matokeo kwenye faili, na hapo unaweza kutazama ile asilimia 1 ya fremu zilizochelewa kuliko zote, namba ambayo mimi huiamini kuliko wastani.

Tuchukue Cyberpunk 2077, kwa kuwa ina jaribio lake la kasi ndani ya menyu na hata mpangilio uliotengenezwa mahususi kwa Steam Deck. Mara ya kwanza unapoendesha jaribio, matokeo yatupe, kwa sababu sheda bado zinaandaliwa na chipu bado haijapata joto lake la kawaida. Endesha tena, uandike namba. Badilisha kitu kimoja tu, uendeshe tena. Kisha, na hapa ndipo wengi hupakimbia, rudisha kitu hicho kilivyokuwa na upime mara nyingine. Ikiwa mpangilio wa awali haurudi kwenye namba yake ya awali, basi kilichobadilisha matokeo ni joto, au chaji, au sasisho lililojipakua lenyewe nyuma ya pazia, wala si marekebisho uliyokuwa ukiyasifu. Shadow of the Tomb Raider nayo ina jaribio zuri, ila ina toleo lake la Linux pia. Anayetaka kupima Proton lazima ailazimishe kwenye mipangilio ya upatanifu, vinginevyo atakuwa anapima kitu kingine kabisa.

Sasa hili la baridi. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, wakati Kyela iko chini kabisa, karibu na usawa wa Ziwa Nyasa, kwenye mita 500 hivi. Kifaa kilichopimwa Uyole asubuhi ya Julai, mpimaji akiwa amevaa koti, hakitoi ushahidi kuhusu kifaa hichohicho kikiwa Kyela mchana wa Novemba. Kwenye Steam Deck tofauti hiyo huonekana zaidi kwenye kelele ya feni, kwa sababu chipu yake imewekewa ukomo wa wati 15 na mfumo wa kuipooza unatosha. Kwenye ROG Ally, ambayo hupanda hadi wati 25 na kufika 30 ikiwa kwenye chaji, joto la chumba lina uzito zaidi, na hata suala la kama kifaa kimechomekwa au la linabadilisha matokeo. Wanaolinganisha namba kutoka Makete na namba kutoka Kyela wataje na hali ya hewa.

Kikomo cha fremu dhidi ya kikomo cha wati

Huu ndio ulinganisho wenye faida kubwa kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda. Vitu hivi viwili viko jirani kwenye menyu moja, watu huvichanganya, na vinafanya kazi kwa njia zilizo kinyume.

Kikomo cha fremu huiambia gemu itoe fremu 40, kwa mfano, halafu ipumzike. Chipu ikimaliza fremu yake mapema, inakaa bila kazi hadi zamu inayofuata, na wati zinashuka zenyewe. Kikomo cha wati hakijui habari za fremu. Kinaiambia chipu kwamba una wati 9 tu, fanya uwezalo. Eneo jepesi likija, chipu itatumia zote 9 kutoa fremu usizozihitaji. Eneo zito likija, prosesa na kitengo cha michoro vitagombania zilezile 9, na mara nyingi anayenyimwa ni prosesa, ndipo mstari wa muda wa fremu unapoanza kuchongoka kama meno ya msumeno.

Kwa sababu hiyo mpangilio mzuri ni kuanza na fremu, kisha wati zifuate kama ulinzi. Weka kikomo cha fremu unachokitaka, nenda kwenye eneo zito zaidi la gemu unalolijua, shusha wati moja baada ya nyingine huku ukitazama mstari, na mstari ukianza kutikisika pandisha wati moja au mbili. Hapo ndipo pa kuacha. Kwa gemu nyepesi kama Hades, ukishaweka fremu 60 chipu yenyewe hutumia wati chache, na kikomo cha wati hakiongezi chochote cha maana.

Swali linalofuata ni fremu ngapi. Watu wengi hudhani 40 iko karibu na 30 kuliko 60, na kwa kuhesabu fremu ni kweli, lakini jicho na kidole huhisi muda. Fremu 30 ni milisekunde 33.3 kwa kila moja, 60 ni 16.7, na 40 ni 25, yaani katikati kabisa ya hizo mbili. Kwa hiyo kutoka 30 kwenda 40 unapata nusu ya faida ya kwenda 60, kwa fremu 10 tu za ziada. Sharti ni kwamba kioo nacho kiendane. Steam Deck ya kwanza, iliyoanza kusambazwa Februari 2022, ina kioo kinachoweza kushushwa kutoka hezi 60, yaani kujichora upya mara 60 kwa sekunde, hadi 40. Ile ya OLED ya Novemba 2023 hupanda hadi 90 na haishuki hadi 40, lakini ukichagua fremu 40 mfumo wenyewe huweka kioo hezi 80 ili kila fremu ionyeshwe mara mbili. Ukiweka fremu 40 kwenye kioo cha hezi 60, baadhi ya fremu zitakaa muda mrefu kuliko nyingine, na utaona mtikisiko ambao hautaelewa unatoka wapi.

Kwenye betri, hesabu ni nyepesi. Betri ya Steam Deck ya kwanza ni Wh (wati-saa) 40, ya OLED ni Wh 50. Kifaa kizima, pamoja na kioo na RAM, kikivuta wati 25, Wh 40 zinaisha kwa saa moja na dakika 36. Kikivuta 16, unapata saa mbili na nusu. Kikivuta 10, saa nne. Ikumbukwe kwamba zile wati 15 za chipu si wati zote za kifaa. Namba ya kuitazama ni ile ya betri. Kwa anayesafiri kwa basi kutoka Mbeya kwenda Iringa, tofauti kati ya 25 na 10 ndiyo tofauti kati ya kuzimikiwa kabla ya Makambako na kupita Makambako bado unacheza. Pawabenki ya mAh 20,000 ina takriban Wh 74 kwa maandishi, na hupotea kiasi njiani wakati wa kubadili volti; tena lazima iwe ya kutoa nguvu kubwa kupitia tundu la USB-C, kwa sababu zile za kuchajia simu tu zitaingiza kidogo kuliko kifaa kinachotumia, na betri itaendelea kushuka huku alama ya chaji ikiwaka.

Kikomo cha fremu kina kasoro moja ya kweli: kile cha mfumo huongeza ucheleweshaji kati ya kubonyeza kitufe na kuona matokeo, kwa sababu fremu hupanga foleni zikisubiri zamu yao. Gemu ikiwa na kikomo chake yenyewe, kwa kawaida hicho huitikia haraka zaidi, ingawa baadhi ya gemu huvipanga vibaya vipindi vyake na mstari unakuwa mbaya kuliko wa mfumo. Kwa gemu za mapigano na mpira, jaribu cha gemu kwanza. Kwa gemu za kutembea na kutalii, cha mfumo kinatosha na hutahisi kitu.

Kukuza picha: kwa mfumo au ndani ya gemu

Pikseli ndizo mzigo mkubwa wa kitengo cha michoro, na hapa vifaa vyenyewe vinatofautiana kuliko matangazo yanavyosema. Kioo cha Steam Deck ni 1280 kwa 800, yaani pikseli 1,024,000. Cha ROG Ally ni 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni mbili. Cha Legion Go S ni 1920 kwa 1200, mara 2.25 ya Steam Deck. Kwa hiyo anayelinganisha Steam Deck na Legion Go S kila moja ikiwa kwenye pikseli zake za asili halinganishi nguvu za chipu. Analinganisha mizigo miwili tofauti. Weka zote 1280 kwa 800 ndipo useme.

Njia ya mfumo, kupitia Gamescope, hutumia FSR ya kwanza, mbinu ya AMD ya kukuza picha. Unaishusha gemu hadi 960 kwa 600, ambayo ni asilimia 56 tu ya pikseli za Steam Deck, na mfumo unaikuza ijaze kioo. Inafanya kazi kwa gemu yoyote, hata ya zamani, lakini inakuza kila kitu pamoja na maandishi, na kwenye kioo cha inchi 7 maandishi yaliyokuzwa yanachosha macho. Njia ya ndani ya gemu, yaani FSR 2 na zilizofuata, au XeSS ya Intel, hutumia taarifa za mwendo kutoka fremu zilizotangulia, na menyu na maandishi huchorwa kwa ukubwa kamili. Picha ni bora kwa tofauti unayoiona bila kuambiwa, ingawa nayo hugharimu muda fulani wa kila fremu, na kwenye chipu ndogo gharama hiyo si ya kupuuzwa. Ikiwa gemu inayo ya ndani, itumie hiyo na uiache ya mfumo. Ikiwa haina na inasuasua, ya mfumo ni bora kuliko kushusha kivuli na mwanga hadi gemu ionekane ya kizamani.

Proton ya kawaida, ya majaribio, au ya GE

Hapa matarajio ya watu yamepotoka kwa sehemu kubwa. Kubadilisha toleo la Proton mara chache huongeza fremu. Kinachobadilika ni kama gemu inafunguka, kama video za katikati ya mchezo zinaonekana, na kama inaganda. Mfano mzuri ni Elden Ring, ambayo ilipotoka Februari 2022 ilikuwa inaganda hata kwenye kompyuta za Windows, na Valve wakarekebisha upande wa VKD3D-Proton hadi ikaenda kwa utulivu zaidi kwenye Steam Deck. Wastani wa fremu haukuwa hoja. Hoja ilikuwa mstari wa muda wa fremu.

Proton ya kawaida, iliyotulia, ndiyo ya kuanzia. Ile ya majaribio hupata marekebisho mapema, na inafaa gemu mpya iliyotoka juzi. GE, inayoandaliwa nje ya Valve na kuwekwa kwa urahisi kupitia ProtonUp-Qt, hubeba pia visomaji vya video ambavyo Proton ya kawaida haibebi, kwa hiyo ndiyo dawa ya gemu inayoonyesha mistari ya rangi badala ya video. Ukiona gemu inakwenda sawa kwenye ya kawaida, hakuna sababu ya kuhama.

Suala la video na sheda linatuleta kwenye bando, na hapa ushauri wa walio na intaneti isiyo na kikomo hautufai moja kwa moja. Steam hupakua sheda zilizokwisha kuandaliwa, na pamoja nazo video zilizobadilishwa muundo ili Proton izisome. Kwa gemu kubwa mzigo huo ni mzito, unarudi kila gemu au mfumo unaposasishwa, na hula nafasi ya diski pia. Anayetumia bando la simu kama hotspoti akiuzima upakuaji huo, atalipa kwa kuganda kidogo katika kila eneo jipya hadi kifaa kiandae sheda zake na kuzihifadhi; baada ya hapo maeneo yaleyale hupita vizuri. Tena tangu DXVK 2.0 ya Novemba 2022, sehemu kubwa ya sheda za gemu za Direct3D 9 hadi 11 huandaliwa mapema wakati gemu inapakia, kwa hiyo kuganda kwa aina ile ya zamani kumepungua sana. Ndiyo maana ushauri wa kutafuta DXVK ya async, toleo la pembeni linaloandaa sheda huku gemu ikiendelea, ambao bado unazunguka kwenye video za zamani, umepitwa na wakati kwa wengi. Kwa anayebanwa na bando mimi ningezima upakuaji huo, nikavumilia mwanzo wa kila gemu, na nikaweka GE kwa zile chache zinazokosa video. Kwa mwanafunzi wa Iyunga mwenye intaneti ya chuo, auache uwake na apakue usiku.

Esync, fsync na ntsync

Hizi ni njia tatu za kuratibu nyuzi za gemu, yaani kazi zake zinazoendeshwa kwa pamoja, kwa namna Windows inavyofanya. Esync ni ya zamani, fsync inategemea nyongeza iliyoingia kwenye keneli (kiini) ya Linux 5.16 mwanzoni mwa 2022, na ntsync iliingia kwenye keneli 6.14 ya Machi 2025. Ntsync ilipotangazwa, namba zilizosambaa zilikuwa za kushangaza: kwenye orodha ya mwandishi wake, Elizabeth Figura wa CodeWeavers, Dirt 3 ilitoka fremu 110.6 hadi 860.7. Vijana wa banda la gemu huziona namba kama hizo kwenye video na kuuliza, "Kaka, mbona yangu haijaruka hivyo?" Jibu ni kwamba namba ile ya chini ilikuwa ya Wine tupu, isiyo na esync wala fsync. Kifaa chako kinatumia Proton, na Proton imekuwa na fsync kwa miaka, kwa hiyo sehemu kubwa ya faida hiyo ulishaipata bila kujua. Thamani ya ntsync kwako ni usahihi zaidi, maana inaiga tabia ya Windows kwa ukaribu na kuziponya gemu chache ambazo fsync inazigandisha.

Katika ulinganisho wa kasi, basi, kati ya fsync na ntsync tofauti ni ndogo na si ya kufukuziwa. Kama gemu inaganda kabisa bila sababu, jaribu PROTON_NO_FSYNC=1 %command% uone kama inapona; huo ni uchunguzi, usiuache hapo milele kwa gemu ambayo haikuwa na tatizo.

Kumbukumbu: GB 4 za michoro, swapu, na ahadi zake

Steam Deck ina GB 16 za RAM kwa kila kitu. Kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kifaa, unaweza kutenga GB 4 kwa ajili ya michoro badala ya GB 1. Kinachosahaulika ni kwamba hata ikiwa GB 1, kitengo cha michoro huchukua zaidi kutoka RAM ya kawaida kinapohitaji. Ukitenga 4, umeifungia prosesa kwenye 12 zilizobaki hata pale michoro isipozihitaji. Baadhi ya gemu husoma kiwango kilichotengwa na kukataa ubora fulani wa picha hadi zione 4, na hizo zitafaidika. Nyingine, hasa za dunia pana zinazokula RAM, zitaumia. Hakuna njia ya kujua ila kupima, na kwa kuwa kila badiliko linataka kuzima kifaa na kuingia BIOS, hii si kazi ya kurudiarudia kwa kila gemu.

Swapu ni hivyohivyo. Kupanua faili la swapu husaidia gemu inayojaza RAM na kufungwa ghafla; haisaidii gemu inayotumia GB 9. Tazama kiasi cha RAM kwenye takwimu kabla ya kugusa. Thamani ya swappiness, ambayo kwenye keneli ya Linux huanza na 60, huamua mfumo uwe mwepesi kiasi gani kuhamishia vitu kwenye swapu, na kuishusha hadi 1 kunaweza kulainisha mstari kwenye gemu chache. Ila SteamOS hufunga sehemu ya mfumo isiandikwe, na sasisho hubadilisha sehemu hiyo yote, kwa hiyo marekebisho uliyoyaweka humo kwa mkono yanaweza kutoweka bila taarifa. Mtu hupima leo, anasasisha kesho, na kusifu swapu ambayo haipo tena.

GameMode ya Feral (programu ya kuipa gemu kipaumbele), kuzima nyuzi za ziada za prosesa, na kushikilia mwendo wa kitengo cha michoro kwa mkono ni mambo ya pembeni. Hilo la mwisho lina kazi yake pale ambapo mfumo unashusha mwendo isivyofaa kwenye gemu nyepesi, nawe unaona mstari unaruka bila mzigo. Mengine, kwa kifaa ambacho tayari kinaendesha gemu kwenye hali ya peke yake, hayaonekani kwenye kipimo.

Kwa nani, kipi

Anayecheza kwa betri, safarini au mtaani ambako umeme hauaminiki: fremu 40 na kioo kinachoendana, kisha wati zishushwe kwa utaratibu ule wa moja moja, mwangaza wa kioo upunguzwe, na asiguse kitu kingine. Anayeendesha banda la gemu Mwanjelwa na kuunganisha kifaa kwenye televisheni, umeme upo na wateja hawajali betri: aache wati juu kabisa, apunguze pikseli na kukuza ndani ya gemu, kwa sababu televisheni itamshawishi aende 1920 kwa 1080 na chipu haitaweza kwa gemu nzito. Mpenda gemu za zamani za Direct3D 9 hahitaji marekebisho yoyote ya kasi. Anachohitaji mara nyingi ni GE kwa ajili ya video na kikomo cha fremu 60 ili gemu isikimbie kupita kiasi. Mwenye ROG Ally au Legion Go S aanze na pikseli kabla ya wati, kwa kuwa kioo chake ndicho kinachommaliza.

Na yule ambaye gemu yake ni Valorant au Fortnite asipoteze jioni yake na orodha hii yote. Hizo hazifunguki kwenye Linux kwa sababu ya ulinzi wake dhidi ya udanganyifu, na hakuna Proton, wati wala swapu inayobadilisha hilo. Atafute SSD ya pili aweke Windows, au achague kifaa kilichokuja na Windows tangu dukani.